Rangi ya Vifuniko Viwili

Vifuniko vilikuwa viwili na wake walikuwa wawili, kwa hiyo Stambuli akaona kazi imejigawa yenyewe. Aliingia uani na gunia begani, akalishusha taratibu kando ya mafiga kama mtu aliyebeba mayai. Akatoa kifuniko cha kwanza akampa Chausiku, mke mkubwa. Akatoa cha pili akampa Shamsia, mke mdogo. Kisha akajifuta jasho kwa kofia yake, akangoja kusifiwa.

Hakusifiwa. Chausiku alikitazama chake, halafu akakitazama cha mwenzake. Shamsia naye akafanya vivyo hivyo. Vilikuwa chuma kitupu cha kumiminwa, virefu kama mkono wa mtoto toka kiwikoni, vyenye mgongo wa mviringo na matundu ya parafujo pembeni.

"Hiki kina kovu," akasema Chausiku.

"Kovu gani?"

"Hili hapa. Chake hakina."

Stambuli akainama. "Mama Mosi, hiyo ni alama ya kiwandani kwao. Hata hicho kingine kinayo, kwa ndani."

"Chake kwa ndani. Changu kwa nje."

Shamsia akakishusha chake mapajani, akakipangusa kwa ncha ya khanga ingawa hakikuwa na vumbi. "Kama dada anakitaka hiki, achukue," akasema. "Mimi nimezoea kuchukua kinachobaki."

"Hakuna aliyebakiwa na kitu," akasema Stambuli. "Sikilizeni kwanza. Mnagombana hata hamjaambiwa ni nini."

Akawaeleza. Gari la Bwana Miwani, mwenye shamba la mkonge upande wa Kihonda, lilikuwa limefika kwa treni kutoka Dar es Salaam ndani ya sanduku la mbao kubwa kama chumba. Injini yake ilikuwa na vali, vilango vidogo vinavyofunguka na kujifunga kuipa pumzi, na juu ya vilango hivyo ndipo vinapokaa vifuniko hivi. Siku ya sikukuu ya Kaiser, mfalme wa Wajerumani, Wazungu wenye magari wangekutana bomani, na desturi yao ilikuwa kuinua bati la mbele na kuonyeshana injini, kama wanawake wanavyoonyeshana mikufu. Bwana Miwani hakutaka injini yake iwe nyeusi kama za wenzake. Alitaka rangi isiyopatikana kwa mwingine. Alitaka aletewe rangi mbili achague, na kitakachompendeza, kifuniko cha pili kipakwe kukifuata.

"Na rangi yenyewe isibanduke kwa joto," akasema Stambuli. "Ile niliyopaka pampu ya kisimani imebanduka, mmesikia nilivyotukanwa. Leonard karani amenipa maneno ya Bwana. Hii ikishika, mimi ni fundi rangi wa karakana. Isiposhika, narudi kubeba ulanga."

Hapo wote wawili wakalitazama bega lake. Bega la kushoto la Stambuli lilikuwa na ngozi ngumu, nyeusi, inayong'aa, mahali ambapo mizigo ya ulanga, yale mawe ya kumetameta, kutoka machimbo ya milimani ilikuwa imekaa kwa misimu mingi. Usiku wa baridi bega hilo lilimuuma. Kila mke alikuwa amelikanda kwa zamu yake, na kila mmoja aliamini ni mkono wake ndio uliolipoza.

"Rangi itashika tukiichoma polepole kama vyungu," akasema Stambuli. "Moto ni wa Mama Mosi. Lakini rangi kila mmoja achague yake. Haki iko wapi tena zaidi ya hapo?"

Chausiku aliyekuwa akifinyanga na kuchoma vyungu tangu kwao mlimani Kinole, kabla hajajua kama Stambuli yupo duniani, alimtazama mumewe kwa muda.

"Kwa hiyo moto ni wangu," akasema, "na kazi ni yetu."

"Ndiyo."

"Haya."

*

Makopo ya rangi yalikuja asubuhi iliyofuata. Nyekundu, kijani, nyeusi, nyeupe, na kopo moja kubwa la mafuta ya kitani ya kuchanganyia, la kutumiwa na wote. Stambuli alilisema jambo moja mara nyingi mpaka Mosi, bintiye, akawa analighani akirukaruka uani: rangi ipakwe nyembamba, ikauke, ipakwe tena nyembamba, ikauke.

Chausiku alichagua nyekundu. Hakuichukua ilivyo kwenye kopo. Aliiongezea ngeu kidogo, ule udongo mwekundu, na weusi kidogo, mpaka ikawa ile rangi anayopakwa mwali siku anapotolewa nje, wakati wanawake wanapiga vigelegele na mama mzazi analia. Halafu akaenda njia ya mlimani wanakopita wabebaji, akaokota vipande vya ulanga vilivyodondoka, akavisaga juu ya jiwe mpaka vikawa unga wa kumetameta. Unga huo aliupuliza juu ya rangi kabla haijakauka. Kifuniko kikawa kama mto Morogoro asubuhi, pale jua linapoyagusa maji yakipita juu ya mawe.

Shamsia alichagua kijani. Alikuwa mtoto wa mjini, binti wa mshonaji, na siku ya nikaha yake alivaa kitambaa cha kijani ambacho baba yake alikificha sandukuni kwa ajili hiyo. Chausiku aliposikia kwamba mwenzake amechagua kijani, alijua mara moja kijani gani. Yeye aliolewa akiwa amevaa kaniki, nguo nyeusi ya shambani.

Hilo alilimeza. Lililomshinda ni la alasiri.

Alikuwa akitwanga mpunga huku mtoto mchanga, Abasi, kalala mgongoni. Zamu ilikuwa ya Shamsia, na Stambuli alikuwa kaketi naye mkekani barazani mwa chumba chake akimfundisha kushika brashi. Mchi uliposhuka Chausiku hakusikia kitu. Mchi ulipopanda alisikia maneno.

"Si hivyo. Legeza kiganja."

Mchi ukashuka.

"Hivyo, hivyo. Una mkono mwepesi wewe."

Mchi ukashuka kwa nguvu, na punje za mpunga zikaruka nje ya kinu. Kisha kikaja kicheko, cha wote wawili, kicheko cha watu ambao hawakumbuki kama kuna mtu anatwanga. Abasi akaamka, akaanza kulia.

Baadaye Stambuli alipopita kuchukua maji, Chausiku akamuuliza, "Mbona mimi hukunifundisha?"

"Wewe? Nikufundishe nini, Mama Mosi? Wewe unajua."

Alisema kwa heshima, na kwa moyo mweupe. Hakujua kwamba mkewe angekubali kutojua chochote cha dunia hii, mradi alasiri ile mkono uliokuwa juu ya ule wa Shamsia ungekuwa juu ya wake.

Lakini kesho yake ilikuwa zamu ya Chausiku, na Shamsia naye akaupata uchungu wake. Stambuli alikitoa kile kifuniko chekundu juani, akakigeuzageuza, ulanga ukamwagika machoni mwa watu kama cheche. Akawaita majirani. Bi Regina, Mkristo wa nyumba ya pili, akasema hajaona kitu kama hicho hata kanisani. Stambuli akasema, "Mke wangu huyo. Mambo ya Kinole hayo." Shamsia alikuwa amesimama mlangoni na kifuniko chake cha kijani, tabaka moja jembamba lililonyooka vizuri kabisa, na hakuna aliyegeuka kukitazama. Bi Regina alimwona, akamwonea huruma, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Na wewe, mwanangu, usikate tamaa," akamwambia. "Hata mtoto huja kwa wakati wake."

Shamsia akaitikia kwa adabu. Alikuwa ameolewa Ramadhani ya pili sasa, na mgongo wake haukuwa na kitu. Akaingia ndani, akafunga mlango. Akalitazama lile kopo la mafuta ya kitani, lililokuwa chumbani kwake tangu alasiri ya kufundishwa. Akajua kwamba Chausiku bado hajapaka tabaka la mwisho, lile la kuushikilia ulanga usipukutike, na kwamba bila mafuta hataweza kulipaka. Akayachanganya mafuta yote na rangi yake ya kijani. Akapaka. Akapaka tena juu ya ubichi, na tena, nene kama samli, mpaka kopo likakauka na mkono ukamwuma.

Alipoulizwa, akajibu, "Yameisha, dada. Samahani. Sikujua kama bado unayataka."

"Hukujua," akasema Chausiku.

"Sikujua."

Ikabidi Chausiku apake tabaka la mwisho kwa utomvu wa miti, kama wanavyofanya mafundi wa kwao. Ulanga ukashika, lakini hakusahau.

*

Siku ya kuchoma, Stambuli alikuwa Kihonda tangu alfajiri. Tanuri la Chausiku lilikuwa shimo nyuma ya nyumba, lisilofika magotini, lililozungushiwa mawe. Alikuwa na namna yake. Kifuniko chekundu alikiingiza ndani ya chungu kikubwa, akakifunika kwa kigae, akakizungushia makaa na mavi makavu ya ng'ombe ili joto lipande kwa adabu.

Shamsia akaja na chake, amekishika kwa vidole vya pembeni kwa sababu kilikuwa bado kinanata.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kiweke hapo."

"Nitakaa nikusaidie kuchochea."

"Moto hautaki watu wengi. Kuna nguo kwenye beseni, nenda mtoni."

Shamsia akatazama beseni. Akamtazama Abasi, aliyekuwa mgongoni mwa mama yake akitoka jasho, uso umemvimba kwa joto. "Basi nipe mtoto, niende naye kivulini."

"Mtoto hanisumbui."

"Anaungua, dada."

"Nimesema hanisumbui."

Chausiku hakuwa amewahi kumpa mwenzake mtoto. Tangu mtoto azaliwe, Shamsia alikuwa akimwangalia kwa jicho ambalo Chausiku hakutaka kulipa jina, na usiku Chausiku alimfunga mtoto uzi mweusi mkononi bila kumweleza mtu kwa nini. Shamsia akainua beseni, akaliweka kichwani, akaenda.

Chausiku akabaki na vifuniko viwili. Chungu kingine cha kuchomea kilikuwepo, pale pale ukutani, kimeinamishwa. Alikiona. Akakipita, akaenda kwenye rundo la mianzi mikavu iliyobaki paa lilipoezekwa, akavunja michache, akaitupa upande wa pili wa shimo. Mwanzi haujui polepole. Ulilia, ukapasuka, ukatoa ulimi wa manjano. Hapo akakitundika kifuniko cha kijani juu ya fito mbili, kitupu, usoni mwa moto.

Rangi ilisisimka. Kwanza ikang'aa kama inataka kuanguka, halafu ngozi yake ya juu ikajikusanya, ikajikunja mikunjo midogo midogo, kama utando wa maziwa anapoupuliza mtu anayetaka kunywa. Chausiku aliitazama mikunjo ikikimbia kutoka ncha hii hadi ncha ile. Alijisikia vizuri. Alijisikia vizuri kabisa kwa muda wa moto ule kuwaka, na mianzi ilipokwisha kuwa majivu, akajisikia kama mtu aliyekula kitu cha wizi na sasa anatafuta mahali pa kunawa.

Shamsia akarudi. Hakupiga kelele. Akalishusha beseni, akachuchumaa, akakigusa kifuniko chake kwa kidole kimoja. Kijani kilikuwa kimekoza, na uso wote umekunjamana kama viganja vya mfuaji nguo.

"Umekichoma."

"Moto umekichoma."

"Moto una mkono?"

Chausiku alianza kufukua makaa atoe chake. Kilitoka kizima, chekundu, kinametameta, na hakuna hata mmoja kati yao aliyefurahi kukiona.

Stambuli aliporudi, aliviona vyote viwili juu ya gunia. Akaketi chini. "Bwana anataka kuviona kesho," akasema. "Hakuna nafasi ya kurudia." Akawatazama wakeze kwa zamu, huyu, halafu huyu. "Ni nani?"

Chausiku akakung'uta majivu mikononi, Shamsia akakunja ncha ya khanga.

"Nimegawa sawa," akasema. "Kitanda sawa, nguo sawa, unga sawa. Hata chuma nimegawa sawa. Sasa nimekosea wapi?" Alikuwa akiuliza kweli, na sauti yake ilikuwa ya chini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye bega la kushoto, unalishika, kama anayepima mzigo.

*

Karakana ya shamba ilikuwa banda la mabati lenye harufu ya mkonge mbichi na mafuta. Gari lilikuwa katikati, bati la mbele limeinuliwa. Leonard karani, kijana wa misheni aliyevaa kola ngumu, alimpokea Stambuli mlangoni, akachungulia ndani ya gunia, akavuta midomo.

"Yesu na Maria. Wake wawili, vifuniko viwili, rangi mbili. Umewashindanisha?"

"Niligawa kazi."

"Umegawa vita, ndugu yangu. Sisi wa mke mmoja tuna ufukara wetu, lakini huu hatuna." Akaacha mzaha. "Hiki kilichoungua ungekiacha nyumbani. Bwana anajua vilikuwa viwili?"

"Anajua."

"Basi simama karibu na mlango."

Bwana Miwani alikuja akijifuta miwani kwa leso. Akachukua kifuniko chekundu, akakitoa nje juani, akakaza macho. "Mzuri," akasema kwa Kiswahili chake. "Mzuri sana." Stambuli akavuta pumzi. Bwana akaigusa rangi kwa dole gumba, ikabaki na alama ya jasho. Akafuta. Alama ikawa kubwa zaidi. Jua likapiga ulanga likamrudia machoni, akageuza uso.

Ndipo akakichukua cha pili.

Alikaa nacho. Alikipitisha kidole, akakipitisha tena. Akachovya kidole kwenye kopo la grisi, akakigusa, akapangusa kwa leso, alama haikuonekana. Akagonga kwa ukucha. Rangi haikubanduka.

"Hii umefanya namna gani?"

Stambuli alikuwa akisubiri neno kiboko, na masikio yake yalikuwa yamejiandaa kwa neno hilo tu, kwa hiyo swali lilimpita. Leonard akalirudia.

"Ni kazi ya nyumbani, Bwana," akasema Stambuli.

Bwana akasema maneno marefu kwa Kijerumani. Leonard akasikiliza, akageuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na utani.

"Anasema anaitaka hii. Vyote viwili viwe hivi. Mikunjo hii hii, kijani hiki hiki. Anasema wenzake wa Dar es Salaam hawataijua hata wakiilamba. Ukiweza, kazi ni yako. Na Stambuli," akaongeza chini kwa chini, "ukiwa huna habari ilivyofanyika, hapa usiseme."

*

"Kilichoungua ndicho kimeshinda," Stambuli akawatangazia uani, na hakujua acheke au alie.

Shamsia alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akaketi, akajifunika uso kwa khanga. Chausiku aliendelea kuchambua mchele. Alichambua chenga zikaisha, akaendelea kuchambua mchele mweupe usio na kitu.

"Chekundu kikwanguliwe," akasema Stambuli. "Nimeleta mafuta mengine. Nani atakwangua?"

"Mimi," akasema Chausiku. "Kisiguswe na mtu."

Alikwangua peke yake, kwa kisu cha kumenyea ndizi. Ngeu ya mwali ikamwagika mapajani kwa maganda madogo, na ulanga ukamganda mikononi, ukamganda shavuni alipojifuta. Mosi alikuja akakusanya maganda yale kwenye jani la mgomba, akauliza kama anaweza kuyachezea. "Chezea," mama yake akasema.

Kisha akapaka kijani, nyembamba, ikauke, nyembamba tena. Akavunja mianzi. Akatundika. Ulimi wa moto ukaja kama ule wa kwanza, na rangi haikujikunja. Ilibaki laini, ikageuka kahawia ya jani lililokufa. Akakwangua. Akapaka upya, akaongeza mianzi. Safari hii ikaungua pembeni ikawa nyeusi, na katikati laini kama kipara.

Aliketi kando ya shimo. Mawazo yake yakapanda mlima. Kinole kulikuwa na shamba la migomba la mama yake, ambalo ni lake pia, na mjomba asiyeuliza maswali. Watoto kwa desturi ya kwao ni wa lukolo, ukoo wa mama, angeondoka nao mmoja mgongoni na mmoja mkononi na hakuna wa kumzuia. Angekuwa na moto wake na vyungu vyake. Stambuli angerudi kubeba ulanga, na jioni angekandwa bega na Shamsia peke yake, kila siku, bila zamu.

Hilo la mwisho ndilo lililomwinua.

Shamsia alikuwa anasuka ukili mlangoni pake. Aliona miguu ya mwenzake, hakuinua kichwa.

"Rangi haijikunji," akasema Chausiku.

"Pole, dada."

Kuku akapita kati yao.

"Niliweka mianzi," akasema Chausiku. "Chako. Sikukitia chunguni. Nilikiweka juu ya moto wa mianzi."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Ulinituma mtoni na nguo nilizokuwa nimezifua jana yake."

Chausiku alitazama pembeni. Aibu ilimpanda toka miguuni, polepole, kama joto la tanuri zuri. Shamsia alimwacha akae nayo. Alisuka, akasuka, akakaza ukili kwa meno.

"Sasa nataka kujua ulivyopaka," akasema Chausiku. "Moto ni ule ule. Kwa hiyo kitu kiko kwenye rangi. Ulipaka nyembamba kama alivyosema?"

Ukili ukasimama.

"Nene," akasema Shamsia.

"Nene vipi?"

"Nene." Sasa ni yeye aliyetazama pembeni. "Juu ya ubichi. Nilimimina mafuta yote ya kopo. Sikuwa na haja nayo. Nilitaka yakuishie."

Walitazamana. Sauti iliyomtoka Chausiku haikuwa kicheko hasa. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyebeba mtungi mlima mzima akagundua mwenzake nyuma alikuwa na mtungi kama huo.

"Kwa hiyo kijicho changu bila chako hakiwi kitu," akasema.

"Na changu bila chako ni rangi mbichi tu."

"Nyanyuka basi. Jua linashuka."

Shamsia alipaka akiwa amepiga magoti, nene juu ya ubichi, akilitumia kopo jipya bila huruma. Chausiku alijenga moto. Hawakuzungumza ila ya kazi: sogeza, bado, ngoja liwake. Abasi mgongoni alianza kulia kwa joto, akalia mpaka sauti ikamkauka, na Chausiku akawa anageuka huku na huku, moto mbele, mtoto nyuma, mkono mmoja kwenye fito.

"Nishikie," akasema.

Shamsia akanyoosha mkono apokee fito.

"Mtoto," akasema Chausiku. Alikuwa amekwisha kulegeza fundo la mbeleko. "Nishikie mtoto."

Shamsia alifuta mikono yake kwenye khanga, upande huu, akageuza, akaifuta upande wa pili. Rangi haikutoka yote. Akampokea hivyo hivyo, na Abasi, ambaye hakuwa amewahi kunusa kifua kile, alishangaa, akanyamaza. Doa la kijani likambaki kwenye kisigino. Chausiku aliliona doa hilo. Likamchoma, kwa kweli likamchoma, mtoto wake kutiwa alama na mkono wa mwingine. Lakini mianzi ilikuwa imeshika, na hakuwa na nafasi ya kuyasikiliza mambo mawili. Akakitundika kifuniko. Ngozi ya rangi ikajikusanya, ikakunjamana toka ncha hadi ncha.

"Angalia," akamwambia Shamsia bila kugeuka. "Inakimbia."

"Naiona, dada."

*

Siku ya Kaiser bendi ya askari ilipiga bomani, na watu walijipanga kando ya njia kulitazama gari. Chausiku na Shamsia walisimama kwa Bi Regina, penye kivuli, na Mosi mbele yao. Stambuli alikuwa huko huko bomani tangu asubuhi, fundi rangi wa karakana, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na wote wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma.

"Vitaonekana?" akauliza Mosi.

"Vitaonekana," akasema Shamsia, akijiinua kwa vidole vya miguu.

"Kipi cha mama na kipi cha mama mdogo?"

"Cha mbele ni changu," akasema Chausiku.

"Cha mbele ni changu," akasema Shamsia, katika pumzi ile ile.

Wakatazamana. Vilikuwa vimetoka motoni vikiwa havitofautiani, na kila mmoja kwa siri alikuwa amevikagua mpaka akaridhika kwamba chake ndicho kizuri zaidi, na kilicho kizuri zaidi mahali pake ni mbele.

Gari likaja likinguruma na wingu jekundu la vumbi nyuma yake. Bwana Miwani alikuwa ameketi wima kama mtu aliyemeza fimbo. Likapita mbele yao karibu kiasi cha kuguswa. Bati la mbele lilikuwa limefungwa, limekazwa kwa mkanda wa ngozi.

"Mbona vimefunikwa?" akasema Mosi.

Mama zake walilisindikiza gari kwa macho mpaka likapinda kuelekea bomani, kila mmoja akiangalia pale mbele, mahali ambapo chini ya bati kulikuwa na chake. Vumbi likawafikia. Abasi, aliyekuwa amelala mgongoni kwa Shamsia, akapiga chafya.

Chausiku akanyoosha mkono, akavuta ncha ya khanga, akamfunika mtoto kichwa. Khanga ilikuwa ya Shamsia, ya kijani kama kitambaa chake cha nikaha. Akaitengeneza vizuri isimzibe pumzi, na akaiacha hapo.